Lisha Nyuki Wako Kabla Hawajahama

Ndugu mkulima, kila mwaka ukavu wa Agosti na Septemba unapobana, wako wanaopanda mlima mpaka ofisini kwetu Wundanyi kuuliza jambo moja: "Karani, nyuki wangu wamekwenda wapi?" Wengine humshuku jirani. Mara nyingi mwizi ni njaa.

Wenzetu wa Sagalla, karibu na Voi, hasara hii wanaijua. Wao hutundika mizinga kuzunguka mashamba na kuiunganisha kwa waya, ili tembo akigusa waya mizinga itikisike na nyuki watoke. Lakini mzinga mtupu haumtishi tembo kwa muda mrefu. Baada ya ukame wa mwaka 2017, mizinga yenye nyuki huko ilipungua kwa asilimia 75, na ilichukua miaka kadhaa kurudi.

Basi usingoje. Inua mzinga kwa mkono. Ukiwa mwepesi, na ndani masega hayana asali wala majana, nyuki wako wanajiandaa kuhama. Chukua kilo moja ya sukari nyeupe, uikoroge katika lita moja ya maji ya moto, uache ipoe. Usitumie sukari guru, maana huwaharisha. Mimina nusu lita katika sahani, weka vijiti juu ili nyuki wasizame, kisha iweke ndani ya mzinga jua likizama. Rudia ikiisha. Mimi niliwahi kuweka sahani nje saa sita mchana, nikijiona mwema. Nyuki wa mizinga mingine wakaja kupora, na jioni kulikuwa na mizoga chini kama makapi. Usiwape asali uliyonunua sokoni pia, kwani yaweza kuleta ugonjwa.

Na maji je? Karai lenye mawe, kivulini, lijazwe kila siku. Watu hukumbuka sukari wakasahau maji.

Sasa maradhi na maadui. Ukiona utando kama wa buibui kwenye masega, huyo ni nondo wa nta. Toa sega hilo, uliyeyushe upate nta. Nondo hushinda kundi dhaifu tu, kwa hiyo punguza mlango wa mzinga ili nyuki wachache waweze kuulinda. Ukifunua mzinga ukaona vijidudu vyeusi vikikimbia mwanga, ni mende wa mzinga. Dawa yake ni hiyo hiyo, kundi lenye nguvu na mzinga usio na nyufa. Siafu ni wabaya zaidi, maana wakiingia usiku hakuna cha kuokoa asubuhi. Fyeka nyasi chini ya mzinga, kata matawi yanayougusa, na upake grisi kwenye waya zinazoushika.

Kuna pia utitiri mwekundu, mdogo kama kichwa cha pini, unaomng'ang'ania nyuki mgongoni. Unaitwa varoa, na ulitambuliwa Kenya mwaka 2009. Nyuki wetu huuvumilia kuliko wale wa Ulaya, kwa hiyo usikimbilie dukani kununua dawa ya kupe wa ng'ombe ukawanyunyizia. Utawaua wewe.

Migunga ikianza kutoa maua, acha kuwapa sukari, isije ikachanganyika na asali utakayouza. Wakati wa kurina, waachie masega mawili matatu yenye asali, na sega lenye majana usiliguse kamwe.