Kompyuta ya Bei Nafuu na Kilichomo Ndani Yake

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Wazee wetu husema kwamba cha rahisi ni ghali. Neno hili ni la kweli mara nyingi, lakini si mara zote. Pengine kitu cha rahisi huwa kizuri kabisa, na ughali wake hutokana na ujinga wetu sisi tulionunua. Mimi nilijifunza jambo hili kwa hasara, na hasara yenyewe haikuwa yangu, ilikuwa ya baba yangu mdogo. Kwa kuwa muhula ujao wazazi watakutana hapa shuleni kuzungumza juu ya kununua kompyuta za chumba kipya, nimemwomba Mhariri anipe nafasi nieleze habari za kompyuta za bei nafuu ziuzwazo madukani zikiwa na Linux ndani yake.

Baba mdogo ana kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi karibu na soko la kwetu. Nilipokuwa Kidato cha III aliuza ng'ombe mmoja, akaongeza na akiba yake, akaenda mjini kununua kompyuta mpya ya mezani. Bei yake ilikuwa chini kuliko nyingine zilizopangwa pale dukani, wala mwenye duka hakumweleza sababu. Alipoiwasha nyumbani aliona picha asizozizoea. Siku ya wazazi alipokuja kunitazama, baada ya kuitikia shikamoo yangu aliniuliza, "Mwanangu, wewe ndiwe usomaye mambo haya. Mashine yangu imeandikwa Linux. Je, ni mbovu?"

Sikuwa nimepata kuiona Linux hata siku moja. Lakini wenzangu walikuwa wamesimama karibu, nikaona haya kusema kwamba sijui. Nikajibu kwa sauti kubwa, "Baba, umepunjwa. Mpelekee kijana yeyote aifute akutilie Windows."

Naye akafanya hivyo, maana aliniamini. Kijana mmoja alimtoza Sh. 30,000/= akamtilia Windows ya kunakili, isiyo na leseni. Haikupita miezi miwili, flashi ya mteja ikaleta virusi, na mashine ikakataa kuwaka. Kazi zote zilizokuwamo zikapotea, pamoja na mitihani ya shule ya msingi ya jirani iliyokuwa tayari kuchapwa. Mwalimu mkuu wa shule ile alipeleka kazi zake kwingine tangu siku hiyo. Nilipokwenda likizo nilifungua lile boksi la kompyuta, nikakuta karatasi ambayo hakuna aliyeisoma. Ilieleza kwamba mashine imeuzwa na Linux kwa makusudi, kwamba programu ya kuandikia imo tayari, na namna ya kuunganisha mashine ya kuchapia. Basi mashine haikuwa mbovu hata kidogo. Mbovu lilikuwa shauri langu.

Tangu hapo nimejitahidi kusoma na kumwuliza mwalimu wetu wa kompyuta. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kila kompyuta ina vitu vya kushikika, kama kibodi, kioo na diski, na ina programu, ambazo hazishikiki. Katika programu zote iko moja iliyo kubwa, nayo huitwa mfumo endeshi. Mfano wake ni mwalimu wa zamu. Mwalimu wa zamu hapiki uji wala hafundishi hesabu wakati ule, lakini ndiye apangaye nani aende bwalo, nani aende darasani, na kengele ilie lini. Asipokuwapo, shule nzima huvurugika. Windows ni mwalimu wa zamu wa namna moja, na Linux ni wa namna nyingine. Barua iliyo safi yaweza kuchapwa chini ya yeyote kati ya hao wawili.

Linux ilianza mwaka 1991. Aliyeianzisha ni Linus Torvalds, ambaye wakati ule alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika nchi ya Finland, mwenye umri wa miaka 21. Yeye aliandika kiini cha mfumo. Sehemu nyingi nyingine zilikuwa zimekwisha kuandikwa na watu wa mradi wa GNU, uliotangazwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1983. Leseni ya kazi hii yampa kila mtu ruhusa ya kuitumia, kuinakili, kuichunguza na kuibadili, mradi naye akiwagawia watu alichokibadili awape ruhusa iyo hiyo. Ndiyo sababu mtengenezaji wa kompyuta akitia Linux halazimiki kulipa ada ya leseni kwa kila mashine, kama alipavyo akitia Windows. Katika kompyuta ya bei kubwa ada hiyo haionekani sana. Lakini katika kompyuta ya bei ndogo ni fungu kubwa la bei yote.

Wafanyabiashara wa Marekani waliliona jambo hili mapema. Walmart ni kampuni ya maduka iliyoanzishwa na Sam Walton mwaka 1962 katika jimbo la Arkansas, na sifa yake ni bei za chini. Mwaka 2002 ilianza kuuza kwa njia ya intaneti kompyuta za mezani zilizotengenezwa na kampuni ya Microtel, nazo zilikuwa na Linux ya namna iliyoitwa Lindows. Moja katika hizo iliuzwa kwa dola 199. Bei hiyo haikuwa na kioo, na uwezo wa mashine ulikuwa mdogo: kumbukumbu ya MB 128 na diski ya GB 10.

Lindows ilikuwa kazi ya kampuni iliyoanzishwa na Michael Robertson mwaka 2001. Mwanzoni alitumaini kwamba programu za Windows zingeweza kutumika ndani ya Lindows, lakini jambo hilo lilikuwa gumu kuliko alivyodhani, na matumaini hayo yakapunguzwa. Tena Microsoft, wenye Windows, walimshitaki kwa sababu ya jina lile kufanana na lao. Kesi iliendelea mpaka mwaka 2004, wakapatana: Microsoft walilipa dola milioni 20, naye akaacha jina la Lindows, akatumia Linspire. Ajabu ni kwamba aliyeshitaki ndiye aliyelipa. Kwani mbele ya mahakama lilikuwa limezuka swali, je, neno la kawaida la Kiingereza lenye maana ya madirisha laweza kuwa mali ya kampuni moja?

Mwezi wa Novemba 2007 Walmart walijaribu tena, na safari hii kompyuta ziliwekwa katika maduka yenyewe, yapata 600. Mashine hiyo iliitwa gPC, kazi ya kampuni ya Everex, nayo pia iliuzwa kwa dola 199 hivi bila kioo. Ilikuwa na kumbukumbu ya MB 512 na diski ya GB 80, na Linux yake iliitwa gOS. Ndani yake mlikuwamo programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu, programu ya kusomea intaneti, na vitufe vingi vya kwenda moja kwa moja kwenye kazi za Google. Sehemu zake za ndani zilikuwa ndogo, lakini zilitiwa katika boksi kubwa, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba wanunuzi wataona boksi kubwa ndilo lenye nguvu. Mashine za kwanza ziliisha upesi. Lakini mwezi wa Machi 2008 Walmart walisema kwamba hicho sicho walichokuwa wakikitafuta wateja wao, wakaacha kuziweka madukani, wakabakiza kuuza kwa njia ya intaneti tu.

Kwa nini basi? Nadhani sababu ni ile ile iliyompata baba mdogo. Mtu aingiaye duka kubwa kununua mchele, sabuni na kompyuta kwa safari moja hana mtu wa kumweleza. Huona bei, huchukua boksi, huenda zake. Afikapo nyumbani hukuta mlango asioujua, na programu aliyoizoea haiingii. Hapo hasemi, "Sikuuliza." Husema, "Nimeuziwa kitu kibaya." Kampuni ya Dell, ambayo nayo ilianza mwezi wa Mei 2007 kuuza Marekani baadhi ya kompyuta zenye Linux iitwayo Ubuntu, iliwauzia zaidi watu waliokuwa wameziomba wenyewe, na biashara hiyo ya kuuza mashine zenye Ubuntu iliendelea kwa miaka mingi. Tofauti ni kubwa baina ya mnunuzi aliyejua na yule asiyejua.

Msidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo tu. Ubuntu yenyewe ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la lugha za huko lenye maana ya utu. Mwaka uo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikisaidiwa na watu wa Sweden, kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu leseni iliruhusu mtu yeyote kuibadili programu na kuitia lugha yake bila kupiga hodi kwa mwenyewe.

Tena liko jambo la karibuni zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa bure masahihisho ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, ingawa bado ni nzima. Nyingi katika hizo zaweza kutiwa Linux zikaendelea kufanya kazi kwa usalama. Kwa shule yenye fedha chache, hilo si dogo.

Lakini nisipofushe watu kwa kusifu upande mmoja tu. Linux ina taabu zake. Mashine nyingine za kuchapia hazipatani nayo kwa urahisi. Barua iliyoandikwa katika Microsoft Word hufunguka katika LibreOffice, lakini pengine mistari na majedwali huhama mahali pake. Programu kadhaa za uhasibu zimetengenezwa kwa Windows tu. Mafundi wa mitaani wengi hawaijui. Tena bei haipungui kila mara, kwa kuwa watengenezaji wengine hulipwa ili watie katika Windows programu za majaribio, na malipo hayo hufidia sehemu ya ada ya leseni.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, yafaa mnunuzi aulize mambo haya. Kwanza, ndani ya mashine mna mfumo gani, na ni toleo la mwaka gani? Matoleo ya Ubuntu yaliyokusudiwa kudumu hupata masahihisho kwa miaka mitano. La zamani mno lisichukuliwe. Pili, je, bei ni pamoja na kioo, kibodi na kipanya? Tatu, kumbukumbu ni kiasi gani? Kwa kazi za kawaida siku hizi isipungue GB 4, na GB 8 ni bora. Nne, mashine iwashwe pale pale dukani, iandike barua, ifungue intaneti, na ichape karatasi kwa mashine ya kuchapia ya namna ile uliyo nayo nyumbani. Tano, ni kazi gani hasa utakayoifanya, nayo yahitaji programu gani? Kama programu hiyo haipatikani kwa Linux, bei nafuu haitakusaidia. Sita, ikiharibika, nani karibu nawe aijuaye? Na ukiona kwamba kazi yako yataka Windows, basi nunua yenye leseni. Ile ya kunakili si nafuu. Ni deni ambalo hujui litadaiwa siku gani.

Kwa shule yetu, shauri langu ni hili. Wazazi na walimu wasikatae mashine zenye Linux kwa jina tu, wala wasizipokee kwa bei tu. Inunuliwe moja kwanza, iwekwe chumbani, nasi tuijaribu kwa masomo yote kwa muhula mmoja. Ikishindwa tutakuwa tumepoteza kidogo. Ikifaulu tutajua tunachokinunua.

Likizo ya Desemba nilikwenda na diski aliyonipa mwalimu wetu, nikamrudishia baba mdogo Linux yake. Nilikaa naye siku tatu kibandani, nikimwonyesha mahali pa kuandikia na mahali pa kuchapia. Sasa anaitumia vizuri, na tangu hapo flashi za wateja hazijamletea taabu tena. Nilimwomba radhi kwa shauri lile la kwanza. Alicheka, akasema, "Mwanangu, siku nyingine ukiwa hujui, sema hujui, nami nitakwenda kumwuliza mwingine." Mwalimu mkuu wa shule ile ya msingi bado hajarudi.

Basi wenzangu, tunaposoma kompyuta watu wa kwetu hutuona kuwa tumejua yote, na hutoa fedha zao kwa neno letu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujibu usilolijua.