Kosa la Kutokuwa na Pa Kulala

Mtu asiye na nyumba mjini hulala pale wenzake wanapopita mchana: kwenye baraza za maduka yaliyofungwa, chini ya madaraja, stendi za mabasi, kando ya masoko na majalala. Jijini Nairobi wengi huishi kwa makundi, na kundi huwa na besi yake, mahali panapojulikana, penye kiongozi na utaratibu wa kugawana chakula na kulindana usiku. Riziki huanza kutafutwa kabla jua halijachomoza. Wapo wanaookota chupa za plastiki na vyuma chakavu na kuviuza kwa kilo, wapo wanaobeba mizigo sokoni, wanaoosha magari, wanaofagia mbele ya vibanda ili wapewe chai. Wakazi wengine wa jiji huwaona zaidi wanapoomba, kwa kuwa hapo ndipo wanapokutana uso kwa uso, na kutokana na dakika hiyo moja huamini kwamba kuomba ndiyo kazi yao yote.

Idadi yao hubadilika kulingana na nani amehesabiwa na kwa njia gani. Sensa ya familia za mitaani iliyofanyika Kenya mwaka 2018 ilipata watu 46,639, kati yao 15,337 wakiwa Nairobi. Sensa ya taifa ya mwaka uliofuata ilihesabu watu wapatao 20,000 waliokutwa wamelala nje. Hesabu ya usiku mmoja humkosa aliyepata kitanda cha kukodi siku hiyo, aliyelazwa hospitalini, aliye rumande, na mama aliyejificha na wanawe mbali na barabara. Kwa sababu hiyo takwimu ndogo haipaswi kuchukuliwa kuwa habari njema.

Mtazamo wa jamii juu ya watu hawa una pande mbili, na mara nyingi zote mbili hukaa ndani ya mtu mmoja. Dar es Salaam na Mombasa, siku ya Ijumaa, ombaomba hupita duka hadi duka na kupewa sarafu bila kufukuzwa, kwani sadaka ni ibada. Wiki hiyohiyo mwenye duka aliyetoa sarafu ataunga mkono mgambo wa jiji wakija na lori kuwaondoa barazani kwake. Hana unafiki. Wateja wake huogopa kuporwa simu, ukuta wake unanuka mkojo, na kijana anayevuta gundi mlangoni humtia wasiwasi. Malalamiko hayo ni ya kweli na yanastahili jibu. Imani inayoyafuata ndiyo isiyo na mashiko: kwamba mtu yuko mtaani kwa uvivu, au kwa kupenda uhuru wa mtaani. Wengi hufika huko baada ya kifo cha mzazi, kipigo cha nyumbani, ndoa kuvunjika, ugonjwa wa akili usiotibiwa, ukame uliomaliza mifugo, au kufukuzwa na mwenye nyumba.

Imani hiyo ya uvivu ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo katika sheria. Uingereza ilitunga Sheria ya Uzururaji mwaka 1824, miaka michache baada ya vita vya Napoleon, wakati barabara zake zilijaa askari walioachishwa jeshi na maskini waliotafuta kazi. Kulala nje na kuomba vikawa makosa ya jinai. Waingereza walipotawala Afrika Mashariki, fikra hiyo ilikuja nao, na Kenya ikapata kanuni zake za uzururaji mwaka 1902. Huku ilipewa kazi nyingine. Mji wa kikoloni ulimtaka Mwafrika kama mfanyakazi wa muda, aishi bila familia katika chumba chembamba, kisha arudi kijijini. Mwafrika aliyekutwa mjini bila mwajiri alikuwa mkosaji hata kama hajagusa mali ya mtu. Dar es Salaam vijana wa namna hiyo waliitwa wahuni, na amri ya mwaka 1944 iliwapa watawala wa Tanganyika mamlaka ya kuwaondoa mijini watu waliodhaniwa hawafai.

Uhuru haukuondoa sheria hizo. Tanzania iliendesha operesheni ya Nguvukazi mwaka 1983: waliokutwa Dar es Salaam bila uthibitisho wa kazi walikamatwa na kupelekwa mashambani, na wengi wakarudi jijini baada ya muda mfupi, maana kijijini hakukuwa na kilichowashika. Vifungu vya uzururaji vilibaki katika Kanuni ya Adhabu. Kenya ilifuta Sheria ya Uzururaji mwaka 1997, lakini sheria ndogo za miji zikabaki, na pamoja nazo kanjo, yaani askari wa jiji, na lori lake.

Msako huwa na majira. Huja kabla ya mkutano wa kimataifa, ziara ya kiongozi au sherehe ya taifa, na huanza alfajiri watu wakiwa usingizini. Anayekamatwa hupoteza blanketi, gunia la chupa alizookota kwa siku tatu, dawa zake kama anazo, na wakati mwingine mtoto wake hupelekwa upande mwingine. Faini asiyoweza kulipa humpeleka gerezani, naye hutoka huko akiwa na rekodi inayomzuia kuajiriwa. Kisha hurudi kwenye besi ileile. Februari 2019 jambo hili lilifikia ukatili wa wazi: watoto na vijana wa mitaani wa Nakuru walipakiwa kwenye magari usiku na kutupwa katika msitu wa Chemususu, kaunti ya Baringo, kwenye baridi kali. Seneti ya Kenya ililichunguza tukio hilo. Kigali, jiji linalosifiwa kwa usafi, kwa miaka mingi watu wa mitaani wamekuwa wakipelekwa kituo cha Gikondo, na Human Rights Watch imeeleza katika ripoti zake vipigo na msongamano wa humo, pamoja na kuzuiliwa kwa watu bila kufikishwa mahakamani.

Mageuzi makubwa zaidi yametoka mahakamani. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ilibatilisha kifungu kimoja cha uzururaji katika kesi iliyofunguliwa na mchuuzi aliyekamatwa akienda kutafuta riziki. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwa ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Ilisema sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, kwa kuwa humwadhibu mtu kwa hali yake pasipo tendo lolote baya alilofanya, na kwamba mataifa yanapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Katiba ya Uganda ikabatilisha vifungu vya aina hiyo nchini mwake. Marekani ilielekea kwingine: Juni 2024 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliuruhusu mji wa Grants Pass, Oregon, kuwatoza faini wanaolala kwenye bustani za umma. Maoni ya Arusha hayana nguvu ya hukumu, lakini yameuona utu wa maskini kwa uwazi zaidi.

Kufuta kosa hakumpi mtu kitanda. Hapo ndipo kazi ngumu ilipo, na hapo ndipo miji mingi imejaribu kwa nusu moyo. Shirika la Undugu, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na padre Mholanzi Arnold Grol, lilianza na wavulana wa mitaani na kufundisha ufundi. Serikali ya Kenya iliunda mfuko wa kurekebisha familia za mitaani mwaka 2003, na vijana wa mitaani wakaingizwa katika mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa. Ufundi walioupata ulikuwa wa kweli. Kilichokosekana ni daraja la baada ya cheti: ajira, chumba, na mtu wa kuwafuatilia. Kwa watoto, kurudishwa nyumbani hufaulu pale ofisa wa ustawi wa jamii anapoitembelea familia kwanza, akajua mtoto alikimbia nini, na akaendelea kurudi. Mtoto akiletwa na kuachwa mlangoni, kilichomfukuza humfukuza tena.

Finland ilianza na nyumba yenyewe. Mwaka 1987 ilikuwa na watu zaidi ya 18,000 wasio na makao. Tangu 2008 imempa mtu mkataba wa kudumu wa nyumba kwanza, kisha ikamsaidia kuhusu pombe, deni au ugonjwa wa akili, na mabweni ya muda mengi yakageuzwa vyumba vya kupanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 idadi ilikuwa chini ya 4,000. Nchi hiyo ni tajiri na ina nyumba nyingi za umma, hivyo mpango wake haunakiliki Afrika Mashariki jinsi ulivyo.

Hata hivyo unaonyesha kizuizi kinachoweza kuguswa hapa pia. Dar es Salaam mwenye nyumba hudai kodi ya miezi mitatu, sita, hata mwaka mzima kwa pamoja. Nairobi hudai kodi ya mwezi pamoja na amana. Muokota chupa anaweza kumudu kodi ya siku ya chumba cha bati Manzese au Mathare, lakini hawezi kulimbikiza ya miezi sita huku akilala mahali ambapo fedha huibwa akisinzia. Akaunti ya simu ingemsaidia, ila laini husajiliwa kwa kitambulisho, na aliyezaliwa mtaani mara nyingi hana hata cheti cha kuzaliwa. Jiji lenye ofisa wa kuandikisha vizazi anayekwenda kwenye besi, na mfuko mdogo wa kumdhamini mpangaji kwa miezi yake ya kwanza, lingewatoa mtaani watu ambao lori limewazungusha kwa miaka.