Fedha za Kumleta Mtoto Nyumbani

Kama Biblia iko karibu, fungua nami Kutoka sura ya 2.

Habari hii twaijua tangu shule ya Jumapili. Binti Farao alimkuta mtoto katika kisafina mtoni, akamhurumia. Lakini mstari wa 9 una neno ambalo mara nyingi twalipita haraka. Binti Farao alimkabidhi mtoto kwa mwanamke wa Kiebrania amnyonyeshe, akaahidi kumlipa mshahara. Huruma yake ilimgharimu fedha, mpaka mtoto akakua, akaletwa kwake, akawa mwanawe. Wala sijamsikia mtu asomaye habari hiyo akisema kwamba Musa alinunuliwa.

Nimeanza hapo kwa sababu ya mume na mke wa ushirika wetu, ambao wameniruhusu nieleze mambo yao bila kutaja majina. Bwana ni dereva wa lori la majani chai. Mama ana kibanda cha nguo sokoni. Walikaa katika ndoa miaka 11 bila kupata mtoto. Baada ya kupimwa, na kuombewa, na kuombewa tena, wakaanza kuwaza juu ya kuasili, yaani kumchukua mtoto aliyefiwa au kuachwa na kumfanya wao kwa sheria, awe na jina lao na urithi katika nyumba yao.

Kulea mtoto wa mwingine si jambo geni kwetu. Wengi tulilelewa na nyanya au shangazi, na hakuna aliyepeleka karatasi mahakamani. Mordekai naye alimlea Esta, binti ya ami yake. Lakini mtoto ambaye ukoo wake haujulikani anahitaji ulinzi wa sheria, ili siku mlezi wake akifariki, asije ndugu mmoja akamfukuza shambani.

Ulinzi huo una njia yake, nayo ni ndefu. Hapa Kenya, chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, chama kilichosajiliwa kwa kazi hiyo huchunguza habari za mtoto na za wale wanaomtaka. Hutembelewa nyumbani, huulizwa juu ya afya yao, mapato yao na hata ndoa yao. Mtoto akikabidhiwa kwao, hukaa naye miezi 3 au zaidi kabla mahakama haijatoa amri, na huwekwa mtu wa kuangalia masilahi ya mtoto. Mwisho mahakama ndiyo inayoamua. Kazi hiyo yote ina gharama: ada, wakili, vyeti, nauli za kwenda na kurudi. Bei ya mtoto haimo katika hesabu hiyo, wala haiwezi kuwamo, maana kutoa fedha ili kupewa mtoto ni hatia.

Basi hawa wawili walipiga hesabu, kama Bwana Yesu alivyosema katika Luka 14 juu ya mtu atakaye kujenga mnara. Wakaona hawana hata nusu. Wakaanza kufunga na kuomba kila Ijumaa.

Katikati ya maombi hayo, ndugu mmoja wa mume akaja na habari. Kuna mwanamke mjini, alisema, awezaye kuwapatia mtoto mchanga pamoja na cheti cha kuzaliwa, tena kwa juma moja, kwa fedha chache kuliko za wakili. Mama aliniambia kwamba kwa usiku mbili aliamini Mungu amejibu. Usiku wa tatu swali likamwamsha: huyo mtoto ana mama, na mama huyo analia wapi? Asubuhi wakakataa. Ndugu yule amewanunia hata leo.

Msikilizaji, nakuomba ulifikirie jambo hili. Twapenda kushuhudia maombi yaliyojibiwa upesi. Ni mara ngapi twauliza kama kilichokuja upesi kimetoka kwa Mungu?

Baadaye walileta haja yao kwa wazee wa kanisa, wakiomba harambee. Ningefurahi kusema wazee walikubali mara moja. Mmoja alisema mtoto hanunuliwi, na kanisa lisitiwe katika biashara hiyo. Mwingine akasema mwenye imani haombi watu. Humwomba Mungu peke yake, kama alivyofanya George Müller.

Mzee yule alikuwa amesoma, nami namheshimu. Müller alizaliwa Prussia mwaka 1805. Katika ujana wake alimwibia hata baba yake, akafungwa gerezani kwa madeni ya hoteli. Baada ya kuokoka alifika Bristol, Uingereza, na mwaka 1836 akafungua nyumba ya mayatima. Kufikia 1870 alikuwa amejenga nyumba kubwa 5 zenye nafasi ya watoto 2,000 na zaidi. Alipofariki mwaka 1898, watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamepitia mikononi mwake, naye hakuwa amemwomba mtu hata shilingi moja. Lakini Müller hakuficha hesabu zake. Alitoa risiti, na alichapisha taarifa za kila aliyopokea na kutumia. Mwishoni mwa mwaka 1841 fedha zilipokwisha kabisa, aliahirisha mikutano na taarifa yake, asije mtu akadhani anaomba kwa ujanja. Mtu aliyekuwa mwizi akawa mwangalifu hivyo!

Hata hivyo mtume Paulo aliomba, tena waziwazi. Soma 2 Wakorintho sura ya 8 na ya 9, uone alivyowahimiza Wakorintho kuwachangia watakatifu wa Yerusalemu, akiwataja Wamakedonia waliotoa katika umaskini wao. Kisha akamtuma Tito pamoja na ndugu wengine, ili pasiwe na lawama juu ya fedha zile. Mmoja hakuomba watu, mwingine aliomba, na wote wawili walimtegemea Mungu. Nadhani mahali walipokutana ni pale kwenye hesabu. Fedha zao zilikuwa katika nuru.

Nilipoyasema hayo mkutanoni, mzee wa kwanza alinyamaza kitambo, kisha akauliza ni nani atakayeshika daftari. Ndipo tulipokata shauri. Mchango ukafanywa baada ya ibada, bila kutangaza nani ametoa kiasi gani. Kila shilingi iliandikwa, na wakili alilipwa kwa hundi ya kanisa. Mume aliuza ng'ombe wake mmoja kwanza. Hakutaka wengine watoe kabla yake. Bibi kizee mmoja, mwenye kulea wajukuu 4, alileta mayai 12, nayo yakauzwa palepale.

Hazikutosha. Nalisema hili kwa sababu shuhuda nyingi huishia mahali ambapo fedha zimetimia. Wakili amekubali kulipwa kidogo kidogo, na salio bado limo katika daftari. Msichana mwenyewe yuko kwao tangu miezi 5 iliyopita. Ameota meno mawili, na husinzia akisikia lori likinguruma. Lakini kwa sheria bado si wao, na kesi itasikizwa mwezi ujao. Mama huyo asema saa nyingine huamka usiku kuangalia kama mtoto bado yupo.

Na tuombe. Baba yetu, wewe uliyetufanya wana kwa Yesu Kristo, mwangalie mtoto huyu aliyelala katika nyumba ambayo haijawa yake. Mpe hakimu hekima. Mfariji mwanamke aliyemzaa, mahali popote alipo. Umkomeshe auzaye watoto. Na hilo deni lililobaki, Bwana, unalijua. Amina.