Daktari wa Familia Ng'ambo na Mashine Zenye Akili: Vijana Wetu Wajiandae Vipi?

Katika makambi yetu na katika kota za polisi, mzazi akiulizwa angependa mwanawe awe nani, jibu la kwanza mara nyingi huwa ni daktari. Siku hizi jibu hilo limeongezewa mkia: awe daktari wa ng'ambo, na Uingereza ndiyo itajwayo zaidi. Si tamaa mbaya. Askari anayekatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya karo ana haki ya kutazamia mema. Lakini askari hafungi safari kabla ya kuisoma ramani. Leo twakusudia kuieleza njia hiyo jinsi ilivyo, na kulijibu swali wanalouliza vijana wengi: je, kazi hiyo itakuwapo bado, ilhali mashine zenye akili mnemba zimeanza kuingia katika vyumba vya matibabu?

KAZI YENYEWE

Wako wanaodhani kwamba daktari wa familia ni daktari aliyeshindwa kuwa bingwa. Hilo ni kosa. Nchini Uingereza, tangu Huduma ya Taifa ya Afya ilipoanzishwa tarehe 5 Julai 1948, yeye ndiye mlinzi wa lango. Mkazi hujiandikisha katika zahanati ya mtaa wake, na kwa kawaida mgonjwa asiye wa dharura hafiki kwa bingwa wa moyo au wa mifupa mpaka daktari huyo amwandikie barua. Yeye humtibu mtoto, mama yake na babu yake pia, na ndiye atambuaye kikohozi cha kawaida na kikohozi cha hatari.

Mfano mwema ni marehemu Julian Tudor Hart, aliyetumikia miaka mingi katika Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa huko Wales. Hakungoja wagonjwa wamjie. Aliwatafuta watu wazima wa kijiji akawapima shinikizo la damu, wanaoumwa na wasioumwa. Mwaka 1971 alieleza katika jarida la The Lancet jambo ambalo sisi wa Afrika twalijua vema: tiba nzuri huadimika pale hasa inapohitajiwa zaidi.

Tena kumjua mgonjwa ni dawa. Watafiti wa Norway walichunguza kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 4. Waliona kwamba waliodumu na daktari mmoja wa familia kwa zaidi ya miaka 15 walikuwa na uwezekano wa kufa uliopungua kwa asilimia 25 hivi, wakilinganishwa na waliokuwa naye kwa mwaka mmoja.

NJIA NI NDEFU

Kijana aliyehitimu udaktari katika nchi yetu, baada ya miaka 5 ya chuo na mwaka mmoja wa mazoezi ya hospitali, hawezi kutua London leo na kutibu kesho. Kwanza huonyesha kwamba anakijua Kiingereza. Akichagua mtihani wa IELTS, hutakiwa kupata wastani wa 7.5 kati ya 9. Kisha huja mtihani uitwao PLAB, wenye sehemu mbili. Ya kwanza ina maswali 180 ya kujibiwa kwa saa 3. Ya pili hufanywa katika mji wa Manchester, ambako mtahiniwa hupita kituo baada ya kituo, akikutana na watu waliofunzwa kuigiza wagonjwa. Akifaulu ndipo huomba kuandikishwa na Baraza Kuu la Madaktari la nchi hiyo.

Hapo bado hajawa daktari wa familia. Humngoja mafunzo ya miaka 3, sehemu hospitalini na sehemu katika zahanati, pamoja na mitihani ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Familia. Mmojawapo, ulioanza kutumika mwaka 2023, humtaka atoe ushauri kwa wagonjwa 12, kila mmoja kwa dakika 12. Humo hapimwi kwa majina ya dawa tu. Hutazamwa kama anasikiliza, kama anaeleza kwa lugha nyepesi, na kama anajua lini amtume mgonjwa hospitali bila kuchelewa.

Tena mlango umekuwa mwembamba. Waombaji wa nafasi za mafunzo wameongezeka mno, na mwezi Julai 2025 serikali ya Uingereza, katika mpango wake wa afya wa miaka 10, ilitangaza nia ya kuwapa kipaumbele waliosomea udaktari humo humo nchini. Kijana wetu anaweza kufaulu kila mtihani akakosa nafasi.

Hapa tuna onyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo zimo. Uingereza, kwa kuifuata orodha hiyo, ilikataza waajiri wake na mawakala wao kuja kuwashawishi watumishi wa nchi hizo wahame. Mtu kuomba kazi kwa hiari yake hakukatazwa. Basi mtu akija katika kota akidai ametumwa na hospitali za Uingereza kukusanya madaktari, na akataka malipo ya mbele, mzazi afunge mfuko, na polisi afungue jalada.

MASHINE YAINGIA ZAHANATI

Sasa tuje kwenye akili mnemba. Mwaka 2018 kampuni ya Babylon ya London ilijigamba kwamba mashine yake imepata asilimia 81 katika maswali yanayofanana na ya mtihani wa madaktari wa familia. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Familia kilipinga kwamba mashine yaweza kulinganishwa na daktari. Mwaka 2021 kampuni hiyo iliingia katika soko la hisa la New York kwa thamani ya mabilioni ya dola. Agosti 2023 ilianguka. Jirani zetu wa Rwanda waliguswa: tawi lake, Babyl, lililoanza mwaka 2016, lilikuwa limeandikisha watu zaidi ya milioni 2 waliopata ushauri kwa simu, hata simu ndogo za kawaida. Nalo likafungwa. Fundisho ni kwamba tiba ya wananchi isiegemezwe juu ya nguzo moja iliyosimikwa ng'ambo.

Hata hivyo si haki kuilaumu mashine kwa kuanguka kwa mwenye duka. Mwaka 2025 zilitangazwa habari za zahanati 15 za Penda Health mjini Nairobi. Humo matabibu walisaidiwa na programu inayosoma maandishi yao na kuwaonya wanapokaribia kukosea. Katika ziara karibu 40,000 za wagonjwa, waliosaidiwa walipunguza makosa ya kutambua ugonjwa kwa asilimia 16, na makosa ya tiba kwa asilimia 13. Lakini idadi ya wagonjwa waliosema hawajapona haikutofautiana kwa kiasi cha kuthibitika. Huko Uingereza nako zimeenea mashine zinazosikiliza mazungumzo na kumwandikia daktari kumbukumbu, ili macho yake yabaki kwa mgonjwa.

Iko hatari nyingine ambayo askari ataielewa upesi. Mwaka huo huo wa 2025, uchunguzi katika vituo 4 vya Poland ulionyesha kwamba madaktari wa utumbo, baada ya kuizoea mashine, waligundua vivimbe vya awali kwa uchache walipofanya kazi bila hiyo: kutoka asilimia 28 walishuka hadi 22. Anayeacha kwata hupoteza hatua.

TUFANYE NINI?

Kwa maoni yetu kazi ya daktari wa familia haitakufa, bali itabadilika. Mashine itakumbuka majina ya dawa, itaandika barua na itaonya. Lakini mkono unaobonyeza tumbo la mtoto, sikio linalotambua kwamba mke wa askari analia kwa jambo lingine na wala si kichwa kinachomuuma, na sahihi inayobeba dhamana mbele ya sheria, hivyo bado ni vya binadamu. Darubini humsaidia mlinzi kuona mbali, lakini haishiki lindo.

Kwa hiyo kijana ajifunze mambo mawili pamoja: kuitumia mashine, na kutibu bila mashine siku umeme unapokatika. Wala asidhani kwamba elimu hii iko ng'ambo peke yake. Makerere hufundisha tiba ya familia tangu mwaka 1989, Aga Khan mjini Dar es Salaam tangu 2004, na Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret tangu 2005.

Atakayekwenda, aende kwa njia halali na kwa macho yaliyofunguka. Atakayebaki, au atakayerudi na ujuzi wake, ajue kwamba lango lenye foleni ndefu kuliko yote liko hapa nyumbani, na walinzi wake ni wachache.