Kijana na chanjo wakati wa janga: apime nini kabla ya kuamua?

Julai 28, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, siku nne baada ya Tanzania kupokea dozi 1,058,400 za Janssen kutoka Marekani kupitia mpango wa COVAX. Kenya ilikuwa imetangulia: shehena yake ya kwanza, zaidi ya dozi milioni moja za AstraZeneca, ilitua Nairobi Machi 3 mwaka huo huo. Nchi zote mbili zilianza na watumishi wa afya na watu wa umri mkubwa. Zamu ya vijana ilipofika, wengi walikuja na swali ambalo mabango ya kampeni hayakuwa na jibu lake: kama korona inaua wazee, mimi wa miaka 25 nachanjwa kwa sababu gani?

Swali hilo lilipokelewa kama ukaidi. Kitaalamu ni swali zuri, na linastahili kujibiwa kwa namba. Kauli ya “chanjo ni salama” ni ya kweli lakini haijakamilika, maana hakuna dawa wala chanjo isiyo na hatari hata kidogo. Kinachoamuliwa ni hatari ipi nzito zaidi, ya ugonjwa au ya chanjo, kwa mtu wa umri huu, mwenye afya hii, ugonjwa ukiwa umeenea kiasi hiki mtaani kwake. Yakibadilika hayo, jibu nalo linaweza kubadilika.

Umri na ugonjwa

Korona ilitofautisha umri kuliko magonjwa mengi tunayoyajua. Uchambuzi wa takwimu za mwaka 2020, nyingi zikiwa za nchi tajiri na zote za kabla ya chanjo, ulionyesha kuwa kati ya watu 10,000 wenye miaka 25 walioambukizwa, alikufa takriban mmoja. Kwa wenye miaka 55 walikufa kama 40. Wa miaka 65 walikufa 140, na wa miaka 75 walikufa 460.

Kwa hiyo kijana anayesema korona haimtishi kama inavyomtisha babu yake yuko sahihi. Anakosea pale anapodhani hatari yake ni sifuri, au anapojihesabu miongoni mwa wenye afya njema bila kupimwa. Wastani huo unawachanganya wazima na wagonjwa. Kisukari, siko seli, maradhi ya figo, virusi vya Ukimwi na uzito uliopitiliza vyote viliongeza uwezekano wa kuugua vibaya. Ujauzito pia: mjamzito aliyepata korona alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kulazwa mahututi kuliko mwanamke wa rika lake asiye na mimba. Hayo ni mambo ya vijana kabisa, na wapo wenye sukari au shinikizo la damu ambao hawajawahi kupimwa hata mara moja.

Madhara ya chanjo nayo yana umri

Kuna yale yanayoitwa maudhi madogo madogo: mkono kuuma, homa, uchovu, kichwa kugonga kwa siku moja au mbili. Vijana huyasikia zaidi kuliko wazee kwa sababu kinga ya mwili wao huitikia kwa nguvu. Hayo yanaudhi, kisha yanapita.

Kuna pia madhara makubwa ambayo ni nadra sana, na hayo ndiyo yaliyohitaji kuzungumzwa waziwazi. Chanjo za AstraZeneca na Janssen zilihusishwa na kuganda kwa damu kusiko kwa kawaida, pamoja na upungufu wa chembe sahani. Aprili 13, 2021, Marekani ilisimamisha Janssen baada ya wanawake sita wa miaka 18 hadi 48 kupatwa na tatizo hilo, ilhali dozi zilizokwisha kutolewa zilikuwa kama milioni 6.8. Siku kumi baadaye iliruhusiwa tena, safari hii ikiwa na onyo.

Pfizer na Moderna zilihusishwa na uvimbe wa misuli ya moyo, hasa kwa wavulana na wanaume wa chini ya miaka 30, siku chache baada ya dozi ya pili. Takwimu za Marekani za Juni 2021 zilionyesha wagonjwa takriban 40 katika kila dozi milioni moja za pili walizopewa wanaume wa miaka 12 hadi 29. Wengi wao walipona. Korona yenyewe huleta tatizo hilo hilo, lakini tofauti kati ya chanjo na chanjo ilitosha kuzifanya Sweden na Finland zisitishe Moderna kwa vijana Oktoba 2021 na kubaki na Pfizer. Huo ndio uamuzi wa kitaalamu unavyofanyika: hawakusema chanjo ni mbaya, walimchagulia kijana ile inayomfaa zaidi.

Mchoro wa Cambridge

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitoka Uingereza. Aprili 7, 2021, wataalamu wa huko walishauri kuwa watu wa chini ya miaka 30 wasio na maradhi mengine wapewe chanjo tofauti badala ya AstraZeneca. Tangazo hilo liliambatana na mchoro uliotayarishwa na Kituo cha Winton cha Chuo Kikuu cha Cambridge. Upande mmoja uliweka idadi ya watu ambao chanjo ingewaepusha kulazwa mahututi katika wiki 16. Upande wa pili uliweka idadi ya ambao wangepata madhara makubwa ya damu kuganda kwa sababu ya chanjo. Pande zote zilihesabu watu 100,000.

Tuanze na wakati ambapo maambukizi ni machache. Kwa watu wa miaka 60 hadi 69, chanjo ingewaepusha watu 14.1 na kuwadhuru 0.2. Hapo hakuna mjadala. Kwa wa miaka 20 hadi 29, ingewaepusha 0.8 na kuwadhuru 1.1. Mizani imeelemea upande wa madhara, na wakubwa wa afya wa Uingereza walilisema hilo mbele ya kamera.

Sasa ongeza maambukizi. Yakifika kiwango cha kati, wanaoepushwa katika kundi hilo la vijana wanakuwa 2.2. Yakifika kilele cha wimbi, wanakuwa 6.9. Wanaodhurika wanabaki 1.1, kwa sababu idadi yao haitegemei kirusi kimeenea kiasi gani. Umri ni ule ule na chanjo ni ile ile. Wingi wa kirusi mtaani ndio uliogeuza jibu.

Mchoro huo una mipaka yake. Haukuhesabu waliougua wiki tatu nyumbani bila kufika hospitali, wala waliobaki na uchovu na kukosa pumzi kwa miezi. Haukuhesabu pia watu wengine ambao wangekingwa na chanjo ya kijana. Zaidi ya hayo, Uingereza ilikuwa na chanjo nyingine mkononi. Tanzania Bara ilianza na Janssen peke yake. Sinopharm, Pfizer na Moderna zilikuja baadaye. Kijana wa Mwanza au Mbeya aliyesema atasubiri nyingine alikuwa amechagua kupita katika wimbi bila kinga, katika miezi ile ile kirusi cha Delta kilipokuwa kikisambaa. Kusubiri nako kuna bei yake, na ni lazima ihesabiwe.

Hesabu ya kwetu

Yapo mawili yanayobadilisha hesabu hii Afrika Mashariki. La kwanza ni kinga ya waliokwisha kuugua. Uchunguzi wa damu ya wachangiaji nchini Kenya, uliofanywa na watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, ulikadiria kuwa kati ya Januari na Machi 2021 karibu nusu, asilimia 48.5, walikuwa na kingamwili za kirusi cha korona. Wengi hawakuwahi kujua kama waliambukizwa. Kwa mtu wa namna hiyo faida ya chanjo inapungua lakini haiishi, kwa kuwa kinga ya ugonjwa ikijumlishwa na ya chanjo huwa imara kuliko ya kimoja peke yake. Ugumu ni kwamba bila kipimo, hujui kama uko nusu hii au ile.

La pili ni bibi. Vijana wengi wanaishi nyumba moja na wazee, na waliambiwa wachanjwe ili wasimpelekee bibi ugonjwa. Hoja hiyo ina ukweli, ila ilitiwa chumvi. Chanjo zilipunguza uambukizaji kwa miezi ya mwanzo, kisha nguvu hiyo ikapungua, na aina ya kirusi iitwayo Omicron, iliyoripotiwa Novemba 2021, iliipunguza zaidi. Kinga dhidi ya kuugua vibaya ndiyo iliyodumu. Kwa hiyo, ndani ya nyumba yenye bibi asiyechanjwa na mjukuu asiyechanjwa, dozi ya kwanza iende kwa bibi. Mjukuu akimpakia kwenye bodaboda akampeleka kituoni, ameokoa zaidi kuliko angejipeleka mwenyewe, na akiwa ameshafika pale anaweza kuchanjwa naye.

Tusisahau pia kwamba wengi waliohesabiwa kuwa wamegoma walikuwa wamekosa huduma tu. Chupa moja ya Janssen ina dozi tano, kila moja nusu mililita, na ikishatobolewa inatakiwa kumalizika ndani ya saa sita. Muuguzi wa zahanati akija mtu mmoja asubuhi, afungue chupa na huenda akamwaga dozi nne, au amwambie asubiri wenzake? Kijana aliyeomba ruhusa ya saa moja kazini hasubiri wenzake. Anaondoka, na kesho ana mambo mengine. Ndiyo maana Mpango Shirikishi na Harakishi ulioanza Septemba 2021, wa kuwafuata watu walipo, ulikuwa na maana kuliko mabango.

Hofu ya miaka ijayo

Hofu inayobaki kwa wengi ni ya madhara yatakayojitokeza baadaye. Historia inatufunza mawili. Mwaka 1976 Marekani iliwachanja watu wapatao milioni 45 dhidi ya homa ya nguruwe iliyohofiwa kuwa janga. Janga halikutokea, lakini ugonjwa wa kupooza wa Guillain-Barré uliongezeka kwa takriban mtu mmoja katika kila 100,000 waliochanjwa, na mpango ukasimamishwa Desemba mwaka huo huo. Mwaka 2009 chanjo ya mafua iitwayo Pandemrix ilisababisha ugonjwa wa kusinzia ovyo. Nchini Finland ulimpata takriban mmoja kati ya 16,000 waliochanjwa wa miaka 4 hadi 19, na uligunduliwa kabla ya mwaka mmoja kupita tangu chanjo ianze kutolewa.

Madhara hayo yalikuwa ya kweli, na yalijitokeza katika wiki au miezi, si baada ya miaka ishirini. Chanjo huondoka mwilini mapema, na inachoacha ni kinga. Kuhusu uzazi, ambao ndio uliovumishwa kuliko yote, watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waliwafuatilia wanandoa waliokuwa wakitafuta mtoto: chanjo haikupunguza uwezekano wa kushika mimba, ilhali mwanamume aliyeugua korona karibuni ndiye aliyeonyesha kupungukiwa kwa muda.

Ugonjwa mwingine, jibu jingine

Kijana asichukue jibu la korona akalitumia kwa kila ugonjwa. Mafua makuu ya 1918 yaliua kwa wingi watu wa miaka 20 hadi 40. Karibu na kwetu, Septemba 2023, aina mpya ya kirusi cha mpox ilianza kusambaa Kamituga, mji wa wachimba dhahabu Kivu Kusini, ikishika zaidi vijana kwa njia ya kugusana kwa karibu, ikiwemo ngono. Agosti 14, 2024, Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa, na Oktoba chanjo ikaanza kutolewa Goma. Hapo umri uligeuka: wazee waliochanjwa ndui kabla ya ugonjwa huo kutokomezwa walibaki na kinga kiasi, ilhali waliozaliwa baadaye hawakuwa na chochote. Binti wa miaka 25 anayefanya kazi ya baa Kamituga anastahili kuwa mbele kwenye foleni. Rika lake anayeishi mahali ambapo mpox haijafika hana haraka hiyo.

Kwa hiyo, likija janga jingine, kijana aulize: ugonjwa huu unawaua watu wa umri gani? Umeenea kiasi gani hapa nilipo? Nina ugonjwa au ujauzito unaoniweka kwenye hatari zaidi? Ni chanjo ipi iliyopo, na madhara yake makubwa humpata nani? Naishi na nani? Katika korona, kwa kijana mwenye afya njema wimbi likiwa limepamba moto, majibu ya maswali hayo kwa pamoja yaliegemea kuchanjwa. Wimbi likiwa limelala na dozi zikiwa chache, hayakuwa na uzito huo, na haikuwa dhambi kumpisha mzee.

Mhudumu anayeulizwa maswali hayo naye asijibu “ni salama tu, usiogope”. Ataje umri, ataje namba, ataje dalili za kumrudisha mtu hospitali na siku za kuziangalia. Aliyeelezwa hivyo atajua la kufanya kifua kikimbana siku ya tatu. Aliyehakikishiwa kuwa hakuna lolote ataona amedanganywa, na hatarudi kwa dozi ya pili.