Bei, Thamani na Mauziano: Istilahi za Kusomea Sura ya Soko

Mwundaji wa istilahi hupata taabu kubwa zaidi kwa neno linaloonekana kuwa na kisawe tayari kuliko kwa neno geni kabisa. Neno geni humlazimisha kufikiri; lililozoeleka humlaza usingizi. Katika makala haya tutazungumzia istilahi za mbinu moja ya kusoma masoko ambayo siku hizi imewafikia hata vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaonunua na kuuza kwa simu zao. Visawe vinavyojitokeza kwanza akilini ni vitatu: “wasifu wa ujazo”, “nukta ya udhibiti” na “eneo la thamani”. Twaona kwamba vyote vitatu vinapotosha, na kwamba cha mwisho chaweza kumtia mtu hasara.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Aghalabu bei huchorwa kwa kufuata saa: saa tatu ilikuwa hivi, saa nne ikawa vile. Mbinu hii hugeuza swali. Huuliza, kwa kila bei, watu waliuziana kiasi gani? Jibu huchorwa kwa mistari ya kulala, kila bei na mstari wake. Mstari mrefu ni mauziano mengi, mfupi ni machache.

Chimbuko lake ni Chicago Board of Trade, soko la nafaka lililoanzishwa mwaka 1848 nchini Marekani. Mfanyabiashara wa soko hilo, J. Peter Steidlmayer, ndiye aliyeasisi mchoro uliotolewa na soko hilo mwaka 1985 kwa jina la Market Profile. Wakati huo watu waliuziana ana kwa ana, kwa kupaza sauti na kwa ishara za mikono, na haikuwa rahisi kujua papo hapo ni mikataba mingapi imefungwa kwa kila bei. Kwa hiyo Steidlmayer alitumia muda badala ya wingi. Kila nusu saa ilipewa herufi yake, na herufi hiyo iliandikwa mbele ya kila bei iliyofikiwa katika nusu saa hiyo. Bei iliyorudiwa mara nyingi ilirundika herufi nyingi. Kompyuta zilipochukua kazi ya mauziano, wingi wenyewe ukaweza kuhesabiwa, na hapo ndipo ilipotokea mbinu tunayoieleza.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mahindi, kwa senti za Marekani kwa kila busheli. Siku moja ilifungwa mikataba 1,000. Kwa bei ya 448 ilifungwa mikataba 20. 447, mikataba 40. 446, mikataba 90. 445, mikataba 180. 444, mikataba 260. 443, mikataba 210. 442, mikataba 110. 441, mikataba 60. Na 440, mikataba 30. Bei iliyovuta mauziano mengi kupita zote ni 444. Kutoka hapo twajumlisha jirani mwenye mauziano mengi zaidi, wa juu au wa chini, hata tufikie asilimia 70 ya siku nzima, yaani mikataba 700. Twaongeza 443 tupate 470. Kisha 445 tupate 650. Kisha 442 tupate 760. Basi ukanda tunaoutafuta ni kati ya 442 na 445. (Zipo namna nyingine za kujumlisha, na majibu yake hutofautiana kidogo.) Asilimia 70 yenyewe ni desturi tu, iliyokaribiana na ile asilimia 68 ambayo wanatakwimu huikuta kuzunguka wastani katika mtawanyo wenye umbo la kengele. Soko halilazimiki kuchora kengele. Mara kwa mara huchora nundu mbili.

Sasa tuyatazame maneno. “Ujazo” ni nafasi iliyomo ndani ya pipa au debe. Katika hesabu tumeshalipa kazi hiyo na halina haja ya nyingine. “Mauzo” ni bora, lakini hutazama upande mmoja, wa muuzaji. Hapa Kiswahili kina neno lililo sahihi kuliko lile la Kiingereza, nalo ni “mauziano”, ambalo wanasheria wamekwisha kulitumia katika mikataba. Kiambishi cha kutendana kinatukumbusha jambo ambalo wengi husahau: kila mkataba uliouzwa umenunuliwa. Mstari mrefu hauonyeshi kwamba wanunuzi walikuwa wengi kuliko wauzaji. Unaonyesha kwamba pande mbili ziliafikiana mara nyingi kwa bei hiyo. Twapendekeza, basi, “wingi wa mauziano”. Ama “wasifu”, hayo ni maelezo ya mtu na maisha yake. Mchoro huu ni umbo linaloonekana kwa jicho, kwa hiyo “sura ya mauziano” yatosha.

“Nukta ya udhibiti” ina kasoro nyingine. Msomaji wa Tanzania anayekumbuka Tume ya Bei, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, akisikia udhibiti na bei pamoja atadhani kuna mamlaka iliyoipanga. Katika mfano wetu hakuna aliyeipanga 444. Twapendekeza “bei kitovu”.

Tufikie “eneo la thamani”. Steidlmayer alikuwa na sababu ya kulitumia neno lake: kwake, bei ikikubaliwa kwa muda wa kutosha ndiyo thamani. Hilo ni fundisho lake, na mwanafunzi wa fundisho hilo anajua mipaka yake. Lakini Kiswahili hutenga bei na thamani kwa ukali. Twaweza kusema kwamba nyumba imeuzwa kwa bei isiyolingana na thamani yake, na kila mtu ataelewa. Kijana akiambiwa kwamba kati ya 442 na 445 ndimo ilimo thamani, atanunua kwa 439 akiamini ameokota dodo chini ya mwarobaini, na kesho yake atashangaa kuona soko limehamia 430 na kuweka kitovu kipya huko. Mchoro haukumdanganya. Ulisema tu kwamba jana watu waliafikiana zaidi hapo. Kwa sababu hiyo twapendekeza “ukanda wa maafikiano”, maana maafikiano huvunjika.

Na hivyo ndivyo mbinu yenyewe inavyotumika. Bei ikiwa ndani ya ukanda, mfanyabiashara hutarajia iyumbe huku na huku, hununua karibu na mpaka wa chini na kuuza karibu na ule wa juu. Ikitoka nje, huangalia wingi: ikiwa mauziano yanaongezeka huko nje, huenda maafikiano mapya yanajengwa, ikiwa ni machache, huenda bei ikarudi. Mahali penye mauziano machache kati ya nundu mbili, ambapo tungependa paitwe “bonde”, bei mara nyingi hupita upesi, kwa kuwa hapakuwa na wengi waliotaka kuafikiana hapo. Haya ni matarajio, si kanuni. Tena yanahitaji wingi wa kutosha. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauziano mwaka 1998, zipo hisa zinazopitisha siku nzima bila kuuzwa, na mistari miwili mitatu haiwezi kuwa sura.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotusukuma kuandika. Katika biashara ya kubadilishana fedha za kigeni papo hapo hakuna soko moja linalokusanya mauziano yote. Kinachoitwa wingi katika programu nyingi za simu ni hesabu ya mara ambazo bei ilibadilika kwa wakala mmoja. Huenda ikafanana na wingi wa kweli, lakini si mikataba, wala haisemi ni fedha kiasi gani zilizopita. Kuyaita mambo haya mawili kwa neno moja ni kuficha tofauti ambayo mnunuzi anastahili kuijua kabla ya kutoa fedha zake. Kwa hesabu hii twapendekeza “idadi ya mabadiliko ya bei”, ingawa ni ndefu, na “wingi wa mauziano” ubaki kwa masoko ambamo mikataba inahesabiwa kweli.