Maji ya Pangani: Wa Juu Wanywesha Migomba, wa Chini Walamba Chumvi

Kule tambarare za Moshi na Same kiangazi kikikaza, ugomvi mkubwa hauko kwenye mpaka wa shamba. Uko kwenye mfereji. Nani kafungua usiku, nani kaziba kwa viroba vya mchanga, nani kalala kandokando na panga lake akilinda zamu.

Mto Pangani unaanzia Kilimanjaro na Meru, unajikusanya bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu huyoo hadi baharini mkoani Tanga. Njiani unatakiwa umwagilie mpunga na miwa, uzungushe mitambo ya umeme ya Hale, na ubakize kidogo cha kuzuia maji ya bahari yasipande. Hicho kidogo ndicho kinachosahauliwa. Pale mlangoni chumvi imeshapanda mtoni.

Mwaka 1991 ikaanzishwa ofisi ya bonde la Pangani, ya Rufiji ikafuata 1993, na leo mabonde yako tisa nchi nzima. Akili yake nzuri, bwana: mto haujui mipaka ya mikoa, basi usimamiwe na chombo kinachofuata maji. Sheria ya 2009 ikazipa nafasi jumuiya za watumia maji. Hapo ndipo penye raha, maana jumuiya inamjua mwizi wa zamu mpaka jina lake la utani. Afisa wa wizarani atamjulia wapi?

Kasheshe liko kwenye kibali. Ukitaka kuchepusha maji unaomba kibali na kulipa ada. Mwenye shamba kubwa ana karani wa kujaza fomu. Mzee wa Kichaga mwenye mfongo uliochimbwa na babu zake, au Mpare na ndiva yake, hana karani. Sheria inazitambua haki za mila, sawa, lakini ugomvi ukizuka mwenye karatasi ndiye anayeanza kusikilizwa. Na karatasi yenyewe inataja kiasi cha maji ambacho mto wa kiangazi hauna habari nacho!

Halafu kuna wakubwa wawili. Halmashauri inapigia debe skimu mpya ya umwagiliaji, bonde linasema maji yalishagawiwa. Mlalahoi amsikilize yupi? Mimi ningeanza na malango na vipimo kwenye kila mfereji, mkubwa kwa mdogo, shamba la tajiri likiwa la kwanza.